Kilele kilichokuwepo kabla ya dawa

Mkojo wangu mwenyewe ndio ulioniumbua.

Ilikuwa asubuhi, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nami nimebakiza jedwali moja tu nifunge sura ya nne ya tasnifu yangu juu ya kihisio cha umeme cha kupimia parasetamo, dawa ya maumivu. Jedwali lenyewe halikuwa na ugumu: chukua mkojo usio na dawa, uzimue mara 100 kwa bafa, yaani mmumunyo unaozuia kiwango cha asidi kisiyumbe, upime, halafu tia parasetamo kiasi unachokijua, pima tena, uonyeshe kwamba ulichotia ndicho ulichokipata. Kibali cha maadili kiliniruhusu nitumie sampuli yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo niliyokuja nayo. Nikazamisha elektrodi, nikabonyeza kitufe, nikageuka kutafuta kalamu. Nilipotazama tena skrini, kilele kilikuwa kimesimama kwenye milivolti 370 hivi, palepale parasetamo inapokaa. Na parasetamo sijaitia bado.

Nikaosha bika. Nikatengeneza bafa mpya. Nikasugua elektrodi, nikaanza moja. Kilele kikarudi. Nikabadilisha pipeti, nikabadilisha maji, nikailaumu chupa ya maji yaliyosafishwa, nikamlaumu kimoyomoyo mwanafunzi wa meza ya jirani ambaye huwa anaazima vitu bila kuomba. Saa nne na nusu fundi wetu wa maabara, mzee aliyekuwepo pale kabla sijazaliwa, akapita na kikombe chake cha chai. Akanitazama, akatazama skrini.

"Mwanangu, jana si ulikuwa unalalamika kichwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulimeza nini?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimemeza Panadol mbili, saa tano usiku.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka siku ile, ila nilipotulia nikaona kwamba kifaa changu hakikukosea hata kidogo. Ini hubadilisha sehemu kubwa ya parasetamo kabla haijatoka mwilini, lakini sehemu ndogo hupita kwenye mkojo kama ilivyoingia, na katika zile zilizobadilishwa zipo ambazo bado zina upande uleule unaotoa elektroni. Gramu 1 iliyomezwa usiku, hata ukizimua mkojo wa asubuhi mara 100, inabakiza kiasi ambacho elektrodi yenye nanotyubu za kaboni, mirija midogo mno, inakiona bila taabu. Nilikuwa nimetengeneza kihisio kizuri, kikaanza kwa kunihisi mimi.

Kwa asiyezoea mambo haya, kifaa chenyewe ni kitu kidogo. Ndani ya bika mna vijiti vitatu. Kimoja ndicho kinachofanya kazi; changu kilikuwa cha kaboni ya kioo, duara jeusi linalong'aa lenye upana wa milimita 3, limezungushiwa plastiki. Cha pili ni waya wa platini wa kukamilisha njia ya umeme. Cha tatu ni elektrodi ya rejea, waya wa fedha uliopakwa kloridi ya fedha na kuzamishwa kwenye kloridi ya potasiamu; volti zote zinahesabiwa kutoka hapo, kama wapimaji wanavyohesabu kimo cha mlima kutoka usawa wa bahari. Mashine iitwayo potenshiostati inapandisha volti kidogokidogo. Ikifika mahali ambapo parasetamo haiwezi tena kushikilia elektroni zake, kila molekuli inaachia 2, pamoja na protoni 2. Mkondo unapanda, dawa iliyo karibu na elektrodi inaisha, mkondo unashuka. Umbo linalobaki kwenye skrini ndicho kilele. Urefu wake unakwambia ni kiasi gani. Mahali kilipo panakudokeza ni kitu gani, na neno "panakudokeza" nimeliandika kwa makusudi, maana ilinichukua miaka miwili kuacha kusema "panakwambia".

Nanotyubu nilizipenda kabla sijaziona. Mwaka 1991 Sumio Iijima, akifanya kazi kwenye maabara ya NEC huko Tsukuba, Japani, alieleza mirija ya kaboni iliyovikana mmoja ndani ya mwingine, myembamba kuliko unywele mara maelfu. Mwaka 1996 wakatokea watafiti waliotengeneza elektrodi ya mirija hiyo wakapimia dopamini, kemikali ya ubongo, na kuanzia hapo mto ukavunja kingo. Grafini, tabaka moja tu la kaboni, ilipotengwa Manchester mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov, nayo ikaingia kwenye elektrodi kabla wino wa habari yake haujakauka. Nilipoanza kusoma kwa ajili ya utafiti wangu nilikuta makala kwa mamia, na nyingi zilikuwa na umbo moja: dawa moja, aina moja ya kaboni, kilele kirefu kuliko cha jirani, kiwango cha chini kabisa kinachoweza kuonekana, na mwishoni sentensi inayosema kihisio hiki kinafaa kwa hospitali na viwanda vya dawa. Niliiamini ile sentensi ya mwisho. Nilikuja kuiandika mwenyewe, baadaye nikaifuta.

Mirija ilifika ndani ya kichupa kisichojaa kiganja, baada ya wiki nyingi za barua na ushuru. Nilikifungua nikiwa nimebana pumzi, kwanza kwa sababu ya usalama, pili kwa sababu ya bei. Ndani mlikuwa na masizi. Sina neno jingine. Ukikwangua sufuria ya kuni utapata unga wa rangi ileile na wepesi uleule, ila huu ukiutupia jicho kwa darubini ya elektroni unaona tambi zilizofungamana. Unapima miligramu 1, unatia kwenye mililita 1 ya dimethilifomamaidi, unaweka kwenye mashine ya mawimbi ya sauti mpaka kimiminika kiwe cheusi sawasawa. Kisha unachukua mikrolita 5 kwa pipeti na kudondosha kitone juu ya lile duara la milimita 3.

Hapo ndipo nilipopotezea miezi minne.

Kitone kinapaswa kukauka kikiwa tandiko moja. Changu kilikauka kama alama ya kikombe cha chai juu ya meza: pete nene pembeni, katikati patupu. Ni jambo linalojulikana. Kingo za kitone hukauka kwanza na kuvuta kila kilichomo kwenda huko. Lakini kulisoma ni kitu kimoja, kuliona likikuharibia kazi saa tisa alasiri siku ya Ijumaa ni kingine. Kila elektrodi niliyoiandaa ilikuwa na pete yake, nene au nyembamba, na kila pete ilikuwa na kilele chake. Mmumunyo uleule wa parasetamo, elektrodi tano nilizoziandaa kwa mkono uleule, majibu matano. Tofauti ilifika asilimia 12, na hapo nimetoa zile mbili zilizobanduka.

Mzee ndiye aliyenifundisha kusugua. Nilidhani najua. Unaweka unga wa alumina uliolowa juu ya kitambaa laini, unaanza na chembe za mikromita 1, unakwenda 0.3, unamalizia 0.05, na mkono unachora namba nane ili uso usije ukalalia upande mmoja. Mimi nilikuwa nabonyeza kama mtu anayefua kola. "Ishike kama unashika kalamu," akasema, "mzigo wa kidole unatosha." Halafu akanilazimisha nipime ferisianidi ya potasiamu, kemikali ya kujaribia elektrodi, kila baada ya kusugua, kabla ya kitu kingine chochote: kilele cha kwenda na kilele cha kurudi viachane karibu milivolti 59, ambazo ndizo za elektroni 1 ikipita bila kukwama. Zikifika 120, rudi kwenye kitambaa. Nilichukia kazi hiyo kwa wiki mbili. Ila siku moja elektrodi ilikuwa safi na vilele vyote bado vikahama kwa pamoja, na kwa sababu ya ferisianidi nikajua papo hapo kwamba tatizo ni elektrodi ya rejea, kimiminika chake kilikuwa kimepungua. Bila hiyo ningeandika kwamba nimegundua kitu.

Huyohuyo Mzee ndiye aliyeleta debe la biskuti. Mistari yangu ilikuwa inatetemeka, na kila jokofu la chumba cha pili lilipowaka, skrini iliruka. Vitabu vinasema tumia kizimba cha Faraday, sanduku la chuma la kuzuia kelele za umeme wa nje. Katalogi zina vizimba hivyo, kwa bei ya kukufanya ufunge katalogi. Yeye akaja na lile debe la bati la mviringo ambalo kwetu kila nyumba huwekewa sindano na nyuzi, akalitoboa matundu matatu ya nyaya, akalifunga waya wa kwenda ardhini. Bika ndani, kifuniko juu. Mstari ukatulia kama maji ya mtungi. Picha ya debe hilo imo kwenye kiambatisho cha tasnifu yangu, na mtahini mmoja aliuliza biskuti zilikwenda wapi.

Sasa nije kwenye swali lililonilaza macho.

Nilipokuwa na vilele vya kuonyesha watu, nilimpelekea Prof, msimamizi wangu, mchoro wa viwango: mikromola (kipimo cha wingi wa dawa katika kila lita) 1, 2, 5, 10, 20, 50, nukta zote juu ya mstari mmoja ulionyooka. Elektrodi tupu iliyowekwa karibu yake ilionekana kama kilima mbele ya Kilimanjaro. Nilikuwa nimeandika kwamba nanotyubu "zinachochea" uoksidishaji wa parasetamo, yaani zinaharakisha kule kuachia elektroni. Prof aliutazama mchoro muda mrefu, akavua miwani.

"Viwango ulivipima kwa mpangilio gani?"

"Kutoka chini kwenda juu, Prof."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Kesho chukua elektrodi iliyotoka kwenye mikromola 50. Ioshe kwa maji kama unavyoiosha kila siku. Itie kwenye bafa tupu. Halafu uje."

Nilifanya jioni ileile, nikishindwa kungoja kesho. Bafa tupu, hakuna hata chembe ya dawa. Kilele kikasimama, kifupi kidogo tu kuliko cha kwanza. Nikapima tena, kikashuka. Mara ya tatu, ya nne, kikaendelea kushuka kama mgeni anayeaga mlangoni asiondoke. Parasetamo ilikuwa imejibana katikati ya mirija, ikiwa imenata kwenye kuta za kaboni, na mimi nilikuwa napima ile iliyonaswa humo pamoja na ile inayotoka kwenye mmumunyo. Kwa kuwa kila mara nilikwenda kutoka kidogo kuelekea kingi, masalio ya jana yalimezwa na kingi cha leo, nukta zikalala kwenye mstari kwa adabu. Nilipochanganya mpangilio, 50 kisha 2 kisha 20 kisha 1, mstari ulivunjika vipande.

Tandiko la mirija ni kama sifongo. Kilichomo ndani yake hakisafiri kutoka mbali kuifuata elektrodi, kimeshafika. Kwa hiyo kinaachia elektroni mapema na kwa pamoja, kilele kinakuwa chembamba, kirefu, na kinasogea kwenye volti ndogo, na mtu mwenye haraka anasema "tazama, uchochezi". Kundi la Richard Compton kule Oxford lilikwisha kuliandika hilo mwaka 2008, miaka kadhaa kabla sijashika pipeti. Na miaka miwili kabla ya hapo, 2006, Craig Banks, Compton na wenzao walikuwa wameonyesha jambo jingine la kutia aibu: katika baadhi ya elektrodi za nanotyubu, sifa ya uchochezi haikuwa ya kaboni hata kidogo, ilikuwa ya mabaki ya metali. Mirija mingi hukuzwa kutoka kwenye gesi juu ya chembe za chuma, kobalti au nikeli, na chembe hizo hubaki ndani hata ukizichemsha kwenye asidi. Makala zote mbili nilikuwa nazo kwenye kompyuta. Nilizipakua, nikazipa majina mazuri ya mafaili, sikuzisoma.

Tasnifu zetu za sayansi tunaziandika kwa Kiingereza, kwa hiyo neno lenyewe halikuonekana kwa sura yake ya Kiswahili. Mzee aliponisikia nikimweleza mwenzangu kwamba nimefuta "uchochezi" mara 17 akauliza kama polisi wameshafika.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Kila baada ya kupima niliizungusha elektrodi kwenye bafa safi mpaka kilele kipotee kabisa, hata kama ni mara 10. Viwango nilivipima kwa kura: nilikunja vikaratasi, nikachomoa. Kila siku ilianza na bafa tupu na kuishia na bafa tupu. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku nzima, na vilele vikawa vifupi. Ila niliporudia leo kipimo cha juzi, nilipata namba ya juzi. Kwa mkojo, nilikaa siku tano bila kugusa kidonge, nikavumilia kichwa kimoja kikali, nikaanza upya. Safari hii mahali pa parasetamo palikuwa patupu, na milivolti kama 80 kabla yake kilisimama kilele cha asidi ya uriki, ambacho kila mkojo unacho. Hapa lazima niwape nanotyubu haki yao: kwenye elektrodi tupu vilele hivyo viwili vilishikana bega kwa bega, huwezi kusema kipi kinaishia wapi; kwenye mirija viliachana. Mtu anayepima dopamini katikati ya vitamini C na asidi ya uriki, ambazo mwilini ni nyingi kuliko dopamini kwa mbali, anaihitaji nafasi hiyo kweli.

Lakini mimi sikuwa napima dopamini. Nilikuwa napima vidonge vya dukani, na hilo ndilo nililochelewa zaidi kuliona.

Nilianza utafiti kwa sababu ya dawa mbovu. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2017 kwamba bidhaa 1 kati ya 10 za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia. Vipimo vya uhakika hufanywa kwa mashine kubwa za kromatografia, zinazotenganisha vilivyomo kwenye dawa, zinazokula viyeyushi vya bei na kuhitaji foleni. Ndoto yangu ilikuwa kifaa cha kubeba begani, mkaguzi aingie duka la dawa, asage kidonge, apate jibu kabla chai haijapoa. Ndoto si mbaya. Ila tazama hesabu. Kidonge kina miligramu 500. Kiyeyushe kwenye lita 1 utapata zaidi ya milimola 3. Kifaa changu kilikuwa kinajisifu kuona chini ya mikromola moja, kwa hiyo ili kidonge kiingie kwenye mstari wangu ilibidi nikizimue zaidi ya mara 65, kwa hatua mbili au tatu, na kila hatua inaongeza kosa lake. Nilikuwa nimetengeneza mizani ya dhahabu kisha nataka kupimia gunia la mkaa.

Na swali la mkaguzi si "je, mna chembe ya parasetamo humu?" Swali lake ni kama kidonge kina kile kilichoandikwa. Viwango vya Uingereza vinataka asilimia 95 hadi 105, vya Marekani 90 hadi 110. Elektrodi inayoyumba asilimia 12 kutoka kitone hadi kitone haijui tofauti ya 95 na 105, hata iwe na uwezo wa kunusa dawa iliyoyeyushwa kwenye bwawa. Hata kwenye damu mambo ni hayohayo. Parasetamo inayotibu huwa miligramu 10 hadi 20 kwa lita, yaani mikromola 66 hadi 132. Aliyezidisha dozi, daktari anaangalia kiwango kuanzia saa 4 baada ya kumeza, na kwenye mstari wa Marekani wa kuamua kumpa asetilisisteini, dawa ya kuliokoa ini, miligramu 150 kwa lita ni karibu milimola 1 nzima. Taabu ya damu iko kwenye protini, zinazoipaka elektrodi utando kama ule wa uji uliopoa. Kuna dawa nyingi ambazo kushindania nanomola kuna maana. Kwa parasetamo tulikuwa tunashindana mbio ambazo mgonjwa hakuzianzisha.

Siku moja, nikiwa nimekasirika, nilichukua risasi ya penseli ya kubonyeza, HB ya milimita 0.5, ile ya duka la vitabu. Nilikuwa nimesoma kwamba watu huitumia kama elektrodi. Ni grafiti na kitu cha kuigandisha, basi. Nikaacha sentimita 1 nje, nikaishika kwa kibanio, nikaizamisha. Kilele kilikuwa kifupi, hakina haiba. Nikaivunja, nikaitupa, nikachukua nyingine. Na nyingine. Vipande kumi, hakuna kilichokumbuka dawa ya mwenzake, maana kila kimoja kilikuwa kipya. Tofauti ya kipande na kipande ilikuwa ndogo kuliko ya vitone vyangu vya bei ghali.

Nikachukua vidonge 20, nikavipima uzito, nikavisaga kwenye kinu cha kauri, nikayeyusha, nikachuja, nikapima kwa njia ya kuongeza kiwango kinachojulikana ndani ya sampuli ileile: tia kidogo, pima, tia tena, pima. Nikalinganisha na kromatografia. Kwa kuainisha kidonge chenye nusu ya dozi au kisicho na kitu, penseli ilitosha kabisa. Kwa kubishana juu ya 94 na 96, haikutosha, na nikaandika hivyo. Prof alisoma sura hiyo akaandika pembeni neno moja: "Sawa." Kwa miaka yote miwili sikupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Hatukuzitupa nanotyubu. Sura ya nne ni yake, yenye vilele vilivyofupishwa na jedwali la mkojo safi. Sura ya tano ni ya penseli, na niliipata kwa hasira. Kichupa cha masizi nilikiacha kabatini kikiwa kimebaki zaidi ya nusu, na kwenye kibandiko nimeandika tarehe kilipofunguliwa na onyo: "Zina chuma ndani. Pima bafa tupu kwanza."

Daftari nalo nililiacha. Mzee alikuwa na sheria moja kuhusu daftari: hakuna kuchana karatasi, hakuna kufuta kwa wino mweupe. Kipimo kibaya kinapigwa mstari mmoja, kisomeke bado. Ukurasa wa kilele cha mkojo umo, na mbele yake, kwa mwandiko wake: "Panadol 2, saa 5 usiku."

Mwezi wa Desemba uliofuata nilikuwa nyumbani Muheza. Mama ana sukari, na siku hizi anajipima mwenyewe. Ana kile kimashine cha kuchoma kidole, nacho, ukikiangalia kwa jicho la kazi yangu, ni potenshiostati ndogo yenye elektrodi za kutupa. Wazo lake ni la Leland Clark na mwenzake, 1962: weka kimeng'enya kinachotambua glukosi mbele ya elektrodi, uhesabu umeme. Nilikuwa uani nasikia redio. Mama akaniita kwa sauti ambayo si ya kawaida.

"Njoo uone. Kumi na nane nukta mbili."

Nikaenda mbio. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, kimashine mkononi, daftari lake la kliniki limefunguliwa. Hakuwa na kiu, hakuwa na kizunguzungu. Asubuhi alikunywa chai ya rangi isiyo na sukari na kipande cha muhogo. Nikamwuliza alikuwa anafanya nini kabla ya kujichoma.

"Nilikuwa nawamenyea watoto maembe."

Nikamletea maji na sabuni. Akanawa, akakausha, akachoma kidole kingine. Tukangoja zile sekunde tano, sote tumeinamia kioo. 7.9.

Akashusha pumzi, akachukua kalamu, akasita.

"Sasa ile ya kwanza niiandike, au niiache?"

"Iandike, Mama. Na embe uliandike."